Unga, Yai na Mkono: Somo la Sayansi Katika Jiko la Bologna

Wasafiri wengi wanaofika Bologna, mji ulioko kaskazini ya Italia, hutenga nusu siku ili wajifunze kutengeneza tambi kwa mikono yao wenyewe. Hawaendi kutazama tu. Kila mwanafunzi hupewa ubao, unga, mayai na mti wa kusukumia, kisha huelekezwa hatua kwa hatua mpaka chakula kiwe tayari mezani. Mafunzo ya namna hii huenda yakadhaniwa kuwa ni burudani ya watalii, yasiyohusiana na sayansi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kila tendo la mwanafunzi huyo lina sababu katika kemia, na kwamba kitu kinachotawala kazi yake yote kiligunduliwa katika mji huo huo wa Bologna, kwa njia ambayo shule yoyote yaweza kuirudia.

Kazi ya ubaoni

Kanuni ya wapishi wa Bologna ni fupi: gramu 100 za unga wa ngano laini kwa kila yai moja. Unga hurundikwa juu ya ubao kama kilima, na katikati huchimbwa shimo. Mayai huvunjwa humo, hupigwa kwa uma, na unga wa kingo huchanganywa nayo kidogo kidogo. Kinyunya kinachopatikana hukandwa kwa dakika 10 hivi, halafu hufunikwa kisikauke na kupumzishwa kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo husukumwa kwa mti mrefu uitwao mattarello, hata kiwe utando mpana wenye unene usiofikia milimeta moja. Utando huo huitwa sfoglia, na mwanamke aliye bingwa wa kuusukuma huitwa sfoglina. Mwishowe hukunjwa na kukatwa vipande virefu viitwavyo tagliatelle, ambavyo huiva katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu.

Mwanafunzi anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza hutambua mambo matatu. Kwanza, kinyunya huanza kikiwa na mabonge na nyufa, lakini kadiri kinavyokandwa huwa laini na chenye kunyumbuka. Pili, akijaribu kukisukuma mara tu baada ya kukikanda, hakikubali: hutanuka, kisha hujirudi na kujikusanya. Tatu, kikipumzishwa hutii. Je, ni nini kilichobadilika ndani yake, hali hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa?

Kilichomo ndani ya unga

Sehemu kubwa ya unga wa ngano ni wanga. Pamoja na wanga huo kuna protini, ambayo kwa kawaida ni kiasi cha asilimia 10 hivi ya uzani wa unga. Protini zilizo muhimu kwa somo letu ni za aina mbili: glutenini na gliadini. Katika unga mkavu hazina umoja. Zinapopata maji na kukandwa, hushikamana na kufanya wavu unaoenea katika kinyunya chote. Wavu huo ndio uitwao gluteni. Glutenini huupa nguvu ya kujirudi unapovutwa. Gliadini huuwezesha kutanuka bila ya kukatika.

Sasa majibu ya maswali yetu yanaonekana. Kukanda ndiko kunakoujenga wavu, na ndiyo sababu kinyunya huwa laini. Mara baada ya kukandwa, wavu umekazika, nao hujirudi kama mpira uliovutwa. Wakati wa kupumzika, maji huendelea kuenea katika unga, na viungo vya wavu hujipanga upya taratibu hata mkazo ukapungua. Mpishi wa chapati anaifahamu hali hii vizuri, kwani naye huyafunika madonge yake kabla ya kuyasukuma. Unga wa mahindi na wa muhogo hauna gluteni. Sima hushikamana kwa sababu wanga wake umepikwa, lakini haiwezi kusukumwa ikawa utando mwembamba wa kukunjwa.

Yai nalo lina kazi yake. Kiasi cha robo tatu ya yai lisilo na ganda ni maji, na hayo ndiyo maji ya kukandia. Mafuta ya kiini hukilainisha kinyunya. Tambi zitiwapo katika maji ya moto, protini za yai huganda na kusaidia kuuzuia wanga usitoke na kuyafanya maji kuwa uji. Kusini ya Italia, ambako tambi nyingi hutengenezwa kwa ngano ngumu, maji peke yake hutosha.

Ugunduzi wa Beccari

Jacopo Bartolomeo Beccari alizaliwa Bologna mwaka 1682, akawa tabibu na profesa katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1728 alikieleza Chuo cha Sayansi cha Bologna habari za majaribio yake juu ya unga wa ngano. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1745. Alikanda unga na maji, kisha akakiosha kinyunya. Alipata vitu viwili: wanga mweupe uliochukuliwa na maji, na donge lenye kunata lililobaki mkononi. Donge lile lilipoachwa lilioza kwa namna ya nyama, wala si kwa namna ya mimea. Hivyo Beccari alionyesha kwamba ndani ya nafaka kuna kitu kinachofanana na vile vya mwili wa mnyama. Jina la gluteni latokana na neno la Kilatini lenye maana ya gundi. Neno protini lenyewe halikuanza kutumika mpaka mwaka 1838, yaani miaka 110 baada ya taarifa yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba ugunduzi huo haukuhitaji vyombo vya thamani. Ulihitaji unga, maji na mikono ya mtu aliyetaka kujua.

Kipimo na mkono

Kanuni ya gramu 100 kwa yai moja ni ya wastani tu. Mayai hutofautiana kwa ukubwa, na unga hushika unyevu zaidi siku za mvua. Kwa hiyo mwalimu wa mapishi hamwambii mwanafunzi wake aongeze gramu kadhaa. Humwambia akiguse kinyunya. Kikinata kidoleni, unga bado hautoshi, kikipasuka, umezidi. Hata hivyo, wapishi hawa hawadharau vipimo. Tarehe 16 Aprili 1972, upana wa tagliatella iliyopikwa uliandikishwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya Bologna: milimeta 8, yaani sehemu moja kati ya 12,270 ya urefu wa Mnara wa Asinelli, mnara maarufu wa mji huo wenye meta 97.2.

Jaribio la darasani

Mara nyingi wanafunzi hukariri kwamba ngano ina protini bila ya kuiona hata siku moja, kwa sababu shule yao haina maabara kamili. Upungufu huo usiwe kizuizi kwa somo hili.

1. Kanda gramu 100 za unga wa ngano na maji kiasi cha mililita 60 kwa dakika 10. Funika kinyunya kwa nusu saa.
2. Kioshe polepole ndani ya beseni la maji, ukikibonyabonya bila ya kukipasua. Maji yatakuwa meupe. Yabadilishe mpaka yabaki safi, na uyahifadhi yale ya kwanza.
3. Kamua donge lililobaki na ulipime. Lina gluteni, na takriban theluthi mbili za uzani wake ni maji.
4. Tia matone ya iodini katika maji meupe. Rangi ya buluu iliyokoza huthibitisha kuwapo kwa wanga. Kilichotiwa iodini kisiliwe.
5. Rudia jaribio kwa unga wa mahindi au wa muhogo.

Maswali

1. Ikiwa yai lisilo na ganda lina gramu 50, kinyunya cha gramu 100 za unga na yai moja kitapata gramu ngapi za maji kutoka katika yai?
2. Kokotoa sehemu ya 12,270 ya meta 97.2. Je, jibu lako ni milimeta 8 kamili?
3. Kwa nini tagliatella mbichi hukatwa ikiwa nyembamba kuliko milimeta 8?
4. Mpishi mmoja alikipumzisha kinyunya chake kwa dakika tano tu. Eleza shida atakayoipata katika kusukuma, na sababu yake.