Bamba Lililobaki Karakanani: Kupima Kabla ya Kutumia katika Somo la Useremala

Utangulizi

Katika karakana nyingi za vyuo na shule ipo kona ya vitu vilivyokosa kazi: mpini usio na nyundo, bawaba isiyo na mwenzake, kipande cha chuma ambacho hapana anayekumbuka kilitoka wapi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi kitu kimoja cha namna hiyo, yaani bamba la kushikia ruta, kinavyoweza kuwa msingi wa somo zima la kazi za mikono katika Darasa la Sita. Hatukusudii kutoa orodha ya matumizi ili mwanachuo aikariri. Twakusudia kueleza njia ya kuyatafuta matumizi hayo. Na katika njia hiyo imo hatua moja ambayo walimu wapya, na hata wakufunzi wao, huiruka. Hatua hiyo ni kupima.

Bamba lenyewe

Ruta ni mashine ya umeme ishikwayo kwa mikono. Ncha yake huzunguka kwa kasi kubwa, aghalabu kati ya mizunguko 10,000 na 25,000 kwa dakika, na kazi yake ni kukata mifuo na kupamba kingo za mbao. Fundi apendaye kusukuma ubao juu ya mashine, badala ya kusukuma mashine juu ya ubao, huigeuza ruta juu chini na kuining'iniza chini ya meza. Kinachoishikilia pale ni bamba la alumini au la plastiki ngumu, lililotiwa katika tundu la meza hata likawa sawasawa na uso wake. Meza ikibadilishwa, au ruta ikiharibika, bamba hubaki halina kazi.

Bamba tulilokuwa nalo lilikuwa la alumini, lenye urefu wa milimita 298, upana wa milimita 235 na unene wa milimita 9.5. Katikati lilikuwa na tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 95, na kulizunguka tundu hilo vitundu vidogo vya skrubu. Uzito wake ulikuwa karibu kilo moja na nusu.

Somo lililoshindwa

Mwanachuo mmoja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, alilipeleka bamba hilo darasani, akaliinua, akauliza, "Hiki ni nini?" Wanafunzi, ambao hawakupata kuiona ruta maishani mwao, walinyamaza. Akawatajia jina, akaandika ubaoni matumizi sita, nao wakayanakili. Madaftari yalijaa, bamba likarudi kabatini. Sisi tulioketi nyuma ya darasa hatukuwa na haki ya kumlaumu, kwani andalio lile la somo tulikuwa tumelipitisha wenyewe.

Kosa lilikuwa katika swali. Swali la jina hujibiwa na yule tu alijuaye jina. Lakini swali la sifa, "Kitu hiki kikoje?", laweza kujibiwa na kila mtoto mwenye macho na mikono. Tuliliandaa somo upya kwa vipindi viwili vya dakika 40, tukalifundisha sisi wenyewe kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza: Kutaja sifa

Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vitano. Kikundi kimoja kilipokuwa na bamba, vingine vinne vilichunguza rula na vipande vyao vya mbao, ili asiwepo wa kukaa bure. Majibu yaliandikwa ubaoni: ni bapa, ni zito, kingo zake zimenyooka, pembe zake ni mraba, lina tundu la duara. Hakuna aliyetaja ruta, wala hapakuwa na haja.

Hatua ya pili: Kupima

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Neno "limenyooka" lililotajwa kwa macho bado ni dhana. Halina budi kujaribiwa.

(a) Unyoofu wa ukingo. Weka alama mbili, A na B, kwenye karatasi. Pitisha ukingo wa bamba katika alama hizo, uchore mstari. Kisha pindua bamba kama upinduavyo ukurasa wa kitabu, ukingo uleule upite tena katika A na B, uchore mstari wa pili. Mistari ikifunikana, ukingo umenyooka. Ikiachana, pengo lionekanalo ni mara mbili ya kosa lenyewe. Ndiyo sababu jaribio hili hufichua hata kosa dogo.

(b) Pembe mraba. Kwa kuwa ncha za bamba la namna hii zimeviringwa, chora pande zake nne, kisha uendeleze mistari kwa rula hata ikutane. Pima urefu wa kila upande, kisha pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Pande zinazotazamana zikiwa sawa, na mistari hiyo miwili ya ulalo ikiwa sawa, pembe zote ni mraba. Kwa vipimo tulivyovitaja, kila mstari wa ulalo hukaribia milimita 380.

(c) Ubapa wa uso. Simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya bamba, kwa marefu, kwa mapana na kwa kukingamisha, kisha tazama kama mwanga wapenya chini yake. Mabamba mengine huwa na mwinuko mdogo katikati, na yale ya plastiki huweza kulegea kwa uzito wa mashine.

Katika jaribio la kwanza msichana mmoja alituonyesha mistari iliyoachana kwa milimita moja katikati. Tulimjibu upesi, "Mkono wako umetikisika, rudia." Akarudia, na pengo likawa lilelile. Tulikuwa karibu kumpa mwanafunzi mwingine nafasi yake, ndipo tukaona kwamba tulikuwa tunalitetea bamba bila ya kulipima. Tukawaita wenzake wawili wajaribu. Pengo halikubadilika. Ukingo ule, tulipouchunguza, ulikuwa umepigwa tupa zamani ili bamba liingie katika tundu la meza. Tatu zilizobaki zilikuwa zimenyooka. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, naye akautia ukingo mbovu alama ya rangi nyekundu.

Hatua ya tatu: Kuoanisha sifa na kazi

Sasa swali likawa: "Sifa hii yafaa kwa kazi gani?" Kingo tatu nyoofu zilifaa kwa kuchorea mistari kwenye mbao. Uzito na ubapa vilifaa kwa kugandamiza vipande vilivyotiwa gundi, karatasi ikitangulizwa chini ili bamba lisigande. Tundu lilifaa kwa kuchora duara.

Kazi iliyotusaidia zaidi ilikuwa kunolea. Pande zote mbili za tundu hubaki ukanda wenye upana wa milimita 70. Karatasi ya msasa wa maji yenye kipimo cha milimita 230 kwa 280 hutoa vipande vinne vya milimita 70 kwa 230, na kila kimoja huenea katika ukanda huo. Tuliweka namba 400 upande mmoja na namba 1,000 upande wa pili. Patasi hulazwa kwa mwinamo wa nyuzi 25 hadi 30 na kuvutwa nyuma tu, maana ikisukumwa mbele hupasua karatasi. Shule yenye kinoo kimoja kilicholika hata kikawa na bonde yaweza hivyo kupata uso bapa kwa bei ya msasa. Jambo hili si dogo: patasi butu hutaka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo iifanyayo iteleze ikajeruhi mkono.

Tahadhari

Mwalimu asilitumie bamba hili kufunga mashine yoyote ya umeme mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi. Wakati wa kunoa, bamba lizuiwe kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa mezani, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali.

Hitimisho

Bamba lile sasa lina kazi. Hata hivyo faida kubwa haimo katika bamba. Imo katika mtoto aliyejifunza kwamba neno la mwalimu nalo hupimwa, na katika mwalimu aliyekubali kupimwa. Mwanachuo aendaye kufundisha atakuta vitu vingine, si bamba hili. Hatua tatu ni zilezile.

Maswali ya kujadili

1. Chagua kitu kimoja kisicho na kazi katika karakana yenu. Taja sifa zake tano, na ueleze jinsi utakavyozipima.
2. Kwa nini pengo katika jaribio (a) ni mara mbili ya kosa la ukingo?
3. Mwanafunzi akipata jibu linalopingana na ulilotarajia, utachukua hatua gani kabla ya kumwambia kwamba amekosea?