Somo Letu: Kwa Nini Mche Hunyauka Kwenye Udongo Uliolowa?



Katika bustani moja ya usharika tulikuta miche ya maharage imenyauka, na huku udongo umelowa. Akina mama wakaongeza maji ya kisima. Miche ikazidi kukauka. Msimu ule hatukuvuna. Kosa lilikuwa letu waratibu: tulipima wingi wa maji, hatukupima chumvi yake.

Mmea umejengwa kwa seli. Kila seli ina utando unaopitisha maji kwa urahisi, lakini huzuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari. Maji huvuka utando huo kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mwendo huu huitwa osmosisi.

Kwa kawaida ndani ya mzizi mna chumvi na sukari nyingi kuliko katika maji ya udongo, hivyo maji huingia. Seli hujaa na kusukuma kuta zake kwa nguvu, mara nyingi kuzidi upepo wa tairi la gari dogo. Nguvu hiyo ndiyo husimamisha jani. Chumvi ikizidi udongoni, mzizi hushindwa kuvuta maji, na mmea hufa kiu majini. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi huleta madhara hayo hayo.

Jaribio la kikao: Kateni kiazi mviringo vipande viwili. Kimoja kiwekwe katika maji safi, kingine katika maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Kesho yake cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitalegea.

Mambo ya kuzingatia:

1. Maji yapimwe chumvi kabla ya kununua pampu na mabomba.
2. Maharage na vitunguu huumia mapema. Shayiri na pamba huvumilia zaidi.
3. Mbolea iwekwe mbali kidogo na shina, kisha mwagilieni.
4. Maji yakikauka juani, chumvi hubaki. Tandazeni majani makavu, na chimbeni mitaro ili mvua ioshe chumvi na kuiondoa shambani.

Kwa wafadhili wetu: gharama ya kupima maji ni ndogo kuliko ya kuchimba kisima. Tunaomba kifungu hicho kisikatwe kwenye bajeti.