Mtoto Uliyemleta Kutoka Nchi Jirani: Kumlea Pekee Hakumfanyi Raia

Chukua mfano wa mama mmoja Mkenya anayeishi Malaba. Binamu yake wa Tororo na mumewe, wote raia wa Uganda, wamefariki na kuacha msichana wa miaka sita. Mama anavuka mpaka na kumleta nyumbani. Anamlisha, anamvisha, anampeleka shule. Je, mtoto huyo sasa ni Mkenya?

La. Kisheria bado ni mgeni, na akifika miaka 18 hataweza kupata kitambulisho. Kama unamlea mtoto kama huyu, fuata hatua hizi:

1. Mlete kwa njia halali. Avuke kupitia kituo cha mpakani akiwa na hati ya kusafiria. Hifadhi cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi. Mzazi akiwa hai, pata idhini yake kwa maandishi. Akianza shule, mwombee pasi ya mwanafunzi katika Idara ya Uhamiaji.

2. Muasili. Anza kwa Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo yako. Mtoto anayeishi Kenya anaweza kuasiliwa hata kama si raia. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Haitolewi na chifu, wazee wa ukoo wala serikali ya kaunti.

3. Mwombee uraia. Hapa ndipo wengi hukwama. Amri ya mahakama inakufanya wewe mzazi, lakini haimfanyi mtoto raia. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa mtoto aliyeasiliwa na raia haki ya kusajiliwa, baada ya maombi. Usingoje, omba angali mtoto.

Kumbuka: ikiwa baba au mama mzazi wa mtoto alikuwa Mkenya wakati mtoto alipozaliwa, basi mtoto ni raia kwa kuzaliwa chini ya Kifungu cha 14, hata kama alizaliwa nje ya nchi. Tafuta ushahidi wa uraia wa mzazi huyo kwanza.

Onyo: usimtafutie cheti kinachodai kwamba wewe ndiwe uliyemzaa. Huo ni uhalifu, na uraia uliosajiliwa kwa udanganyifu unaweza kufutwa. Atakayeumia ni mtoto.

Umechelewa? Muone Afisa wa Watoto wiki hii, au piga simu 116 bila malipo.