Dondoo muhimu: Bodaboda, punguza moto

Hamu ya kukimbia huanzia mkononi. Ukitoka Munisagara kwenda Mikumi na mwenzako akakupita, legeza mkono wa mafuta, mwache aende na vumbi lake. Kwa kilomita 80 kwa saa, pikipiki inakula mita 22 kila sekunde. Ng'ombe akikatiza ghafla, sekunde hiyo ni ya kushtuka tu, breki bado hujaigusa. Abiria akikuhimiza, "ongeza, nachelewa", mjibu kwa upole kwamba mtafika. Penye makazi mwisho ni 50. Kwenye lami inayopita Hifadhi ya Mikumi fuata vibao, hasa jioni, tembo wanapovuka. Na kofia ya abiria, ndugu yangu, mpe aivae, usiitundike kwenye usukani.