Nyaraka za Msamaha wa Matibabu Ziandaliwe Kabla ya Kuugua

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kuwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wapatiwe huduma bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo, haki hiyo huhitaji kuthibitishwa. Mhudumu aliye dirishani hamfahamu mgonjwa. Humtambua kwa nyaraka. Nyaraka hizo huanzia mtaani, na wakati mwafaka wa kuziandaa ni pale mhusika akiwa bado mzima.

Kwa mama mjamzito na mtoto, kadi ya kliniki ndiyo uthibitisho wa kwanza. Kwa mzee, mambo mawili huthibitishwa: umri na hali ya kipato.

Uthibitisho wa umri
Kitambulisho cha Taifa hutosheleza. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo huonesha mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo, hata mzee ambaye hajapata kadi anaweza kutumia namba hiyo kuonesha umri wake. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA nacho hufaa.

Uthibitisho wa hali ya kipato
Umri peke yake hautoshi. Mzee, au ndugu anayemwakilisha, afike kwa Mtendaji wa Mtaa kuomba barua ya utambulisho. Barua ieleze jina kamili, umri, makazi, wategemezi na chanzo cha kipato, nayo iwe na sahihi na muhuri. Barua inayosema tu kwamba "huyu ni mkazi wetu" haimsaidii Afisa Ustawi wa Jamii kufanya tathmini.

Majina yafanane
Mtu akiandikwa "Ramadhani Salumu" katika kitambulisho na "Ramadhan Salim" katika barua, huweza kuhesabiwa kuwa watu wawili. Mwombaji aende na kitambulisho, asitaje jina kwa mdomo tu, kisha aisome barua kabla ya kuondoka ofisini. Endapo vyeti vyenyewe vinatofautiana, hati ya kiapo huhitajika.

Ngazi za huduma
Tiba huanzia zahanati au kituo cha afya. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi abebe barua ya rufaa pamoja na nyaraka zake za msamaha, na ndugu zake waulizie ofisi ya ustawi wa jamii mapema, wasisubiri siku ya kuruhusiwa.

Nyaraka zote zitolewe nakala na kuhifadhiwa katika bahasha moja, mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Ikitokea dharura, mgonjwa awahishwe hospitalini kwanza. Ndugu mwingine afuatilie barua mtaani. Kinga ni bora kuliko tiba, na bahasha iliyokamilika ni sehemu ya kinga hiyo.