Alipanda Mlimani Peke Yake

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mathayo 14:6–33, Marko 6:30–56, Yohana 6:1–15, Wimbo Ulio Bora 2:11–13, 1 Wafalme 19:1–18, Zaburi 77, Zaburi 121:1, 2.

Fungu la Kukariri: Mathayo 14:23. Lisome katika Biblia yako, kisha likariri. Angalia mambo matatu yaliyomo: makutano waliagwa, Yesu akapanda kwenda kuomba, na jioni ikamkuta huko akiwa peke yake.

Katika Galilaya, majira ya baridi ndiyo majira ya mvua. Mvua huanza Oktoba au Novemba, na kufikia mwisho wa Aprili huwa imekoma. Kati ya Februari na Aprili vilima vilivyokauka tangu kiangazi huvaa majani mabichi, na maua mekundu ya porini hutapakaa kati ya mawe. Siku hizi wapo wanaotumia majira hayo kutembea kwa miguu kutoka Nazareti hadi Kapernaumu, mwendo wa kilomita 65 hivi, wakipanda na kushuka kwa muda wa siku nne. Baadhi yao huenda wakitafuta nafasi ya kuyapima maisha yao mbele za Mungu.

Ni jambo jema. Hata hivyo, mtu anaweza kufika kileleni akiwa na mzigo uleule aliotoka nao bondeni. Baridi inaweza kupita mashambani na kubaki moyoni. Juma hili tunajifunza juu ya usiku mmoja ambao Yesu aliutumia mlimani katika majira hayohayo, akiwa na msiba nyuma yake na dhoruba mbele yake. Tutaona kwa nini alipanda, alifanya nini huko, na kwa nini alishuka.

JUMAPILI

Majani Mabichi

*Soma Marko 6:39. Yohana 6:4, 10 na Wimbo Ulio Bora 2:11–13. Maneno gani katika mafungu haya yanatuonyesha majira ya mwaka?*

Marko anasema kwamba watu waliketishwa kwenye majani mabichi. Yohana anaongeza kwamba majani yalikuwa mengi mahali pale, na kwamba Pasaka ilikuwa karibu. Pasaka huangukia Machi au Aprili. Kama makutano wangelishwa miezi michache baadaye, wangeketi juu ya majani makavu, kwa maana jua la kiangazi hukausha vilima vile upesi. Basi neno moja la Marko linatuambia kwamba majira ya kuchipua yalikuwa yamefika.

Upande wa kaskazini ulisimama Mlima Hermoni, wenye urefu wa mita 2,814. Theluji yake huyeyuka, maji yakapenya kwenye miamba ya chokaa na kutokea tena chini ya mlima kama chemchemi zinazoanzisha Mto Yordani. Mto huo ndio unaoingia katika Bahari ya Galilaya. Hivyo sehemu ya maji yaliyobeba chombo cha wanafunzi ilitoka katika theluji ya mlima ule. Mungu hutumia hata baridi kuandaa maji ya kiangazi.

Biblia ya Kiswahili huzitaja mvua za nchi ile kuwa vuli na masika (Kumbukumbu la Torati 11:14). Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba huko masika ni mvua ya mwisho, inayokomaza nafaka kabla ya mavuno. Na kabla hata ya mvua hizo kwisha, mlozi huwa umekwisha kuchanua wakati miti mingine bado mitupu. Ndiyo sababu Yeremia alionyeshwa ufito wa mlozi (Yeremia 1:11, 12). Katika Kiebrania jina la mti huo linafanana na neno la kukesha, na Bwana alimwambia kwamba analiangalia neno lake ili alitimize.

*Ni dalili gani ndogo za kazi ya Mungu unaziona katika maisha yako sasa, ingawa baridi haijaisha?*

JUMATATU

Msiba Katika Majira Mazuri

*Soma Mathayo 14:6–14 na Marko 6:30–34. Yesu alikuwa amepokea habari gani kabla ya kuwalisha watu? Wanafunzi wake walikuwa katika hali gani?*

Yohana Mbatizaji alikuwa ameuawa gerezani kwa ajili ya kiapo cha karamu. Wanafunzi wake walimzika, kisha wakaenda kumpasha Yesu habari. Yohana alikuwa jamaa yake (Luka 1:36), ndiye aliyembatiza, na ndiye aliyemtangaza mbele ya watu. Aliposikia, Yesu aliingia chomboni kwenda mahali pasipo watu.

Tuyaweke pamoja yale tuliyojifunza jana na haya ya leo. Vilima vilikuwa katika uzuri wao wote, nalo kaburi la Yohana lilikuwa bado jipya. Maua hayakungoja maombolezo yaishe. Mtu mwenye huzuni anaijua hali hii: mvua imenyesha, shamba limependeza, majirani wanacheka, naye ndani bado ni baridi. Wakati mwingine uzuri wa nje humuumiza zaidi, kwa sababu aliyekufa hayupo kuuona.

Makutano walimtangulia Yesu ng'ambo. Hakuwafukuza. Aliwahurumia, akafundisha, akaponya, akalisha. Lakini jioni ilipofika alirudi kwenye lile alilokuwa amelikusudia tangu mwanzo, yaani kuwa peke yake na Baba yake.

Hapa kanisa linapaswa kujichunguza. Mwalimu wa darasa amemzika mama yake Jumatano. Sabato anaombwa afundishe kama kawaida, naye akikubali anasifiwa kuwa na imani thabiti. Matanga yamekwisha, wageni wameondoka, na hakuna anayemwuliza tena habari za moyo wake. Ni kweli kwamba Kristo alihudumu akiwa na huzuni. Ni kweli pia kwamba alitafuta nafasi ya kuipeleka huzuni hiyo kwa Mungu. Tukishika nusu ya kwanza ya habari hii na kuiacha ya pili, tunawatwika ndugu zetu mzigo ambao Bwana mwenyewe hakuubeba bila maombi.

*Ni nani katika darasa lenu ambaye ameendelea kutumika bila kupewa nafasi ya kuomboleza?*

JUMANNE

Kuwaaga Makutano

*Soma Yohana 6:14, 15. Mathayo 14:22 na Mathayo 4:8–10. Watu walitaka kumfanyia Yesu nini? Jaribu hili linafananaje na lile la nyikani?*

Wanaume wapatao elfu tano walikuwa wameshiba. Walimtambua Yesu kuwa nabii, wakakusudia kumshika na kumfanya mfalme kwa nguvu. Mathayo na Marko wanasema kwamba Yesu aliwalazimisha wanafunzi wake kuingia chomboni. Neno hilo ni zito. Laonyesha kwamba hawakutaka kuondoka, na hilo si ajabu kwa watu waliotazamia ufalme wa dunia.

Hapo mwanzo wa huduma yake, ibilisi alimpeleka kwenye mlima mrefu sana na kumwonyesha milki zote za ulimwengu. Sasa toleo lilelile lilikuja kwa sauti nyingine, sauti ya watu wenye furaha na shukrani. Kumkataa adui anayejulikana ni vigumu. Kuwaaga wanaokusifu ni vigumu zaidi. Yesu aliwaaga, akapanda mlima kwenda kuomba.

Anayetaka kutafakari hana budi kuaga kwanza. Wengine huzunguka kilima chote bila kunyamaza hata dakika moja, kwa sababu wamepanda na simu iliyowashwa mfukoni. Vikundi vya ujumbe, kamati, madeni na sifa za watu vimepanda pamoja nao. Makutano hawakuagwa, wamehamishiwa mlimani.

Kuaga si kuwadharau watu. Yesu aliwaaga wakiwa wamekwisha kushiba, na kesho yake alikuwa tena pamoja nao (Yohana 6:24, 25).

*Ni sauti gani unayopaswa kuiaga ili uisikie sauti ya Mungu? Kwa nini sauti ya sifa inaweza kuwa ya hatari kuliko ya lawama?*

JUMATANO

Unafanya Nini Hapa?

*Soma 1 Wafalme 19:1–18 na Zaburi 77:7–12. Bwana alimwuliza Eliya swali gani mara mbili? Mtunga zaburi alifanya nini alipolemewa na maswali?*

Bahari ya Galilaya iko chini ya usawa wa bahari kuu kwa mita 210 hivi, na pande nyingi vilima huinuka kwa ukali kutoka karibu na ufuo. Anayepanda huishiwa pumzi. Maneno hupungua, na yale aliyoyafunika kwa shughuli huanza kujitokeza. Katika hali hiyo mtu huhitaji kuulizwa swali la kweli.

Eliya alikwenda siku arobaini hadi Horebu. Alipofika, Bwana alimwuliza anafanya nini pale. Upepo ukapasua miamba, nchi ikatetemeka, moto ukawaka; kisha akaulizwa swali lilelile. Angalia kwamba jibu lake la pili ni sawasawa na la kwanza. Mlima mtakatifu haukumbadilisha, wala matukio makubwa aliyoyaona hayakumbadilisha. Msaada wake ulikuwa katika neno la Bwana aliyesema naye. Bwana alimpa njia ya kurudi, kazi ya kufanya, mwenzake wa kumtia mafuta, na kumsahihisha hesabu yake: hakubaki peke yake, walikuwapo elfu saba.

Basi kutafakari kwa Kibiblia ni tofauti na mafundisho yanayomtaka mtu aondoe kila wazo akilini na kungoja lolote litakaloingia. Zaburi ya 77 inaanza kwa kilio na maswali makali. Katika fungu la 11 mtunga zaburi anageuka na kuanza kukumbuka matendo ya Bwana, kuyawaza na kuyatafakari. Hakuuficha uchungu wake. Aliuleta mahali ambapo matendo ya Mungu yanaonekana.

Ndivyo tunavyopaswa kuitazama milima pia. Uumbaji ni kitabu cha Mungu, lakini haujibu kila swali. Katika Zaburi 121:1, 2 macho yanainuliwa kuelekea milimani, na msaada unatoka kwa Yeye aliyeifanya mbingu na nchi.

*Tenga saa moja juma hili, mahali penye utulivu. Mwambie Mungu wazi jambo linalokuumiza. Taja tendo moja alilokutendea zamani. Kisha mwulize anataka urudi wapi.*

ALHAMISI

Kushuka

*Soma Marko 6:47–56 na Mathayo 14:24–33. Yesu aliona nini alipokuwa angali nchi kavu? Alifanya nini?*

Marko anasema kwamba Yesu aliwaona wanafunzi wakitaabika kwa kupiga makasia, kwa sababu upepo ulikuwa wa mbisho. Maombi hayakumfanya awasahau. Walikuwa wamekwenda kama kilomita tano (Yohana 6:19), wamechoka, na usiku ulikuwa umekwenda sana. Zamu ya nne ilianza saa tisa usiku na kuishia saa kumi na mbili asubuhi. Katika saa hizo za usingizi mzito ndipo Yesu alipowaendea.

Kulipokucha walifika Genesareti, na huko wagonjwa walikuwa wakiletwa wakiwa juu ya magodoro yao. Hakuna jambo la nje lililokuwa limebadilika. Yohana alikuwa bado kaburini, Herode alikuwa bado anatawala, na majani yale mabichi yangekauka baada ya muda mfupi. Lakini Mwokozi alishuka akiwa tayari kuwashika mkono wanaozama.

Hapo ndipo tunapoupima mlima wetu. Kama mtu anarudi kutoka mafungoni akiwa mkali kwa watoto wake, au akiwadharau wasiokwenda, amepata matembezi tu. Kama anarudi akiona taabu ambayo zamani hakuiona, na akainuka kwenda kusaidia, basi alikuwa na Bwana.

*Ni nani anayepiga makasia peke yake karibu nawe? Utamwendea lini?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Ellen G. White, *Tumaini la Vizazi Vyote*, sura za 38 hadi 40, zinazoeleza mapumziko ya wanafunzi, kulishwa kwa makutano na usiku ule baharini.

Katika siku moja na usiku wake, Yesu alikutana na huzuni, uchovu, sifa na dhoruba. Kila hali kati ya hizo ingeweza kumtenga mtu na Mungu. Kwake zilikuwa sababu za kupanda kwenda kuomba, na maombi yalikuwa sababu ya kushuka. Ambaye baridi yake haijapita asidhani kwamba amekataliwa. Majira ya moyo hayafuati kalenda, lakini Yeye aliyeomba gizani juu ya kilima kile yu hai sikuzote ili kutuombea (Waebrania 7:25).

Maswali ya Kujadili:

1. Yesu aliwatumikia watu kabla ya kupata nafasi ya faragha. Tutajuaje wakati wa kuahirisha mapumziko na wakati wa kukataa wito mwingine?

2. Eliya alipanda mlima akikimbia. Yesu alipanda akiomba. Mtu anaweza kutambuaje ni lipi kati ya hayo analolifanya?

3. Wengi wetu hatuna mlima karibu, na nyumba zetu zina watu wengi. Zungumzeni juu ya mahali na saa ambazo mtu wa mjini, au mama mwenye watoto wadogo, anaweza kuzitumia. Darasa linaweza kumsaidiaje kuzipata?

4. Kanisa lenu linafanya nini kwa waliofiwa baada ya matanga kwisha? Chagueni jambo moja mtakalolianza kabla ya Sabato ijayo, na mkubaliane nani atalifanya.