Mwalimu Kwenye Grupu: Tusiishie Kuomba Notisi

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tukiulizwa kama tunatumia mitandao ya kijamii kikazi, wengi tutajibu ndiyo, kisha tutataja magrupu manne matano ya WhatsApp na Telegram. Swali gumu ni hili: humo ndani, nani anakujua kwa kazi yako?

Mimi naishi Mwanjelwa, na soko letu lina somo hapa. Wauza mchele wa Kyela, viazi na ndizi za Tukuyu hawajuani kwa kupitapita. Wanajuana kwa mzigo: huyu mchele wake hauna mawe, yule akiishiwa anakuelekeza kwa mwenzake. Mtandao wa kikazi nao haujengwi na wingi wa namba ulizohifadhi, unajengwa na unachokuja nacho.

Jambo hili linatugusa sasa. Wengi wetu tutapangiwa shule za kata ambako mwalimu wa fizikia ni mmoja, au hayupo kabisa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na Elimu ya Biashara ikawa somo la lazima kidato cha kwanza. Aliyesomea jiografia akikabidhiwa somo hilo huko Chunya ndani, wa kumuuliza yuko kwenye simu. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tayari unawataka walimu wakutane shuleni katika Jumuiya za Ujifunzaji na kujadili mada ngumu. Simu inaweza kuitoa jumuiya hiyo nje ya geti la shule. Tufanyeje?

1. Uliza swali lenye kazi ndani yake. Ukiandika "naombeni notisi za fizikia form two," utatupiwa faili na habari itaishia hapo. Linganisha na hili: "Nina wanafunzi 70, sina maabara. Nataka waone kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Nimetumia mshumaa na kadi tatu zenye tundu, ila wa nyuma hawaoni. Ninyi mlifanyaje?" Hapo umeonyesha darasa lako, ulichojaribu na ulipokwama. Mwalimu mzoefu atakwambia ugawe darasa katika makundi, kila kundi litoboe kadi zake kutoka kwenye maboksi ya dukani. Umepata jibu, na yeye ameshakujua.

2. Rudisha majibu. Ukishafundisha, rudi useme ilikuwaje, hata kama somo liligoma. Ndivyo ombi linavyogeuka kuwa mazungumzo. Na usiseme "mimi bado mwanachuo, nitaleta nini?" Ulichojaribu kwenye BTP kinatosha kuanzia.

3. Chagua mahali. WhatsApp inafaa kwa watu wachache wa somo moja. Grupu la walimu 15 wanaojibizana lina faida kuliko la watu 1,024 wanaofowadiana salamu za asubuhi. Telegram inafaa kutunzia mafaili, maana ukibadili simu unayakuta. LinkedIn inakusaidia kuonekana na waajiri na waandaaji wa mafunzo, lakini weka kazi huko, siyo picha za mahafali tu. Na kwa kuwa bando linauma, picha moja ya ubao yenye maelezo mafupi inashinda video ya dakika tano.

4. Mlinde mwanafunzi. Mbeya tunakumbuka Oktoba 2016, pale video ya walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha wakimpiga mwanafunzi wa Mbeya Kutwa iliposambaa nchi nzima, na wahusika wakafukuzwa vyuo. Kosa lilikuwa kipigo, na video ndiyo iliyolifichua. Lakini tujifunze pia kwamba sura ya mtoto ikishatoka hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Kwa hiyo piga picha zana, ubao au daftari lisilo na jina. Matokeo ya mwanafunzi na vichekesho vya majibu yake visiende grupuni.

Zoezi la kufanya kabla ya BTP ijayo: tafuta watu watano wa somo lako, wawili kati yao wawe walimu walioko kazini. Kubalianeni kwamba kila Ijumaa kila mmoja ataleta kipindi kimoja kilichokwenda vizuri na kimoja kilichomshinda. Asiyeleta chochote kwa mwezi mzima aulizwe kwa upole, huenda amekwama kuliko wote.

Siku utakapokuwa peke yako kwenye nyumba ya mwalimu huko Makete, saa mbili usiku, na kesho una kipindi cha kwanza cha mada usiyoielewa vizuri, hao watano ndio watakuwa ofisi yako ya walimu. Anza kuwatafuta wakati bado tuko chuo.